Neno "arrange" la kingereza: mwongozo kamili kwa siye wa Goma tuliozoea "arranger" ya kifaransa na "kupanga" ya kiswahili

Ndugu zangu, leo naandika kirefu juu ya neno moja tu, "arrange", na najua mtu atajiuliza neno moja linataka maneno yote hii ya nini. Linataka. Hapa Goma kingereza kimeingia mu maisha yetu kwa milango mingi, kuko kazi za mashirika, kuko wafanyabiashara wanaopiga simu Kampala na Dubai kila siku, kuko watu wanaovuka mpaka pale Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, na kule masomo yalitoka kifaransa yakaenda kingereza toka 2008, kwa hiyo hata mtoto wa jirani anaweza kukuzidi. Lakini siye wengi tulisomea kifaransa, na kifaransa kiko na "arranger". Herufi karibu zote ni zile zile, sura ni ile ile, mtu anaona ni neno moja anaendelea na safari. Hapana. Hizo ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa mu nyumba mbili, na desturi zao hazifanani.

Nieleze vile nilijifunza. Miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi wa lojistike mu shirika moja hapa mjini. Gari ilikuwa imelala garaji siku tatu, fundi akamaliza jioni, mimi kwa furaha nikamtumia patro, mkubwa wangu wa kazi, meseji, na yule patro kifaransa hakujua hata bonjour: "The car is arranged." Mu kichwa changu nilisema gari imetengenezwa, imepona. Yeye alisoma kitu ingine kabisa: gari ya kesho imepangwa, shofere anajua, itanikuta kwenye geti. Asubuhi saa kumi na mbili alikuwa amesimama nje na mizigo anangoja gari impeleke bandarini apande bato ya Bukavu, na gari ilikuwa ndani ya garaji, fundi amefunga na ufunguo kaenda nao kwake. Bato ikaondoka. Hakunifokea, lakini toka siku ile kila meseji yangu alikuwa anaipigia simu aulize mara ya pili kama ni kweli, na hiyo iliniuma kuliko kufokewa. Kwa hiyo hii mwongozo nimeiandika ili isikukute.

Hatua ya kwanza: shika mzizi wake, ni mstari

"Arrange" ilitoka kifaransa cha zamani, ndani yake kuko "rang", maana yake mstari, safu. Waingereza waliichukua kwenye karne ya 14 na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya vita: kusimamisha askari kwa safu kabla ya kupigana. Ikakaa neno la watu wachache kwa miaka mingi sana, ni mwisho wa karne ya 18 njo ikaanza kutumika kwa vitu vya kawaida vya nyumba na kazi. Maneno "rank" na "range" ni ya ukoo huo huo.

Kwa nini nakupa historia? Juu mstari njo ufunguo. Mu kingereza, "arrange" haikwenda mbali na ule mstari: ni kuweka vitu kwenye nafasi zao, ao kuweka mambo ya mbele kwenye nafasi zake. Kifaransa chenyewe kiliendelea kutembea, "arranger" ikafika hadi kutengeneza kitu kilichoharibika, hadi kumfaa mtu, hadi kumaliza ugomvi. Kingereza hakikuifuata huko. Ukishika hiyo tu, nusu ya makosa imeisha.

Hatua ya pili: kuitamka na kuiandika

Hapa napita haraka. R ni mbili, siyo moja. Sauti ya kwanza ni dhaifu, karibu haisikiki, nguvu yote inaanguka kwenye "range", na hiyo inasomeka kama "rein" halafu J ya jambo, basi, usiongeze irabu mwisho. Usiitoe puani kama kifaransa. "Arranged" iko na silabi mbili tu, ile -ed ya mwisho inakuwa D fupi, watu wengi hapa wanasema "a-rein-jedi", waachane nayo. "Arranges" ndiyo inapata silabi ya tatu. Kwenye "arranging" ile E inaondoka, kwenye "arrangement" inabaki.

Hatua ya tatu: maana ya vitu unavyoona kwa macho

Ukienda soko ya Virunga asubuhi utaona mama anatoa tomati kwenye kitunga anazijenga vilima vidogo vidogo, nzuri juu, yenye kuumia kidogo chini. Kile anafanya ni "arrange": "She arranged the tomatoes in small piles." Viti vya kanisa, "arrange the chairs in rows", ao kama ni kikao cha watu wachache kuzunguka, "in a circle". Vitabu, "arrange the books by size", ao kwa alfabeti, "in alphabetical order". Ukigawanya watu ao vitu makundi, unatumia "into": "arrange the students into groups of five".

Chunga vile vineno vidogo. "In" inaonyesha sura ambayo vitu vinapata, "by" inaonyesha kile unachofuata, ukubwa, bei, tarehe, "into" inaonyesha kuwa kitu kimoja kimegeuka kuwa vipande ao makundi.

Halafu kitu kimoja wakati mwingine hakisemwi darasani. "Arrange" ya vitu iko na jicho ndani. Mtu anaangalia vile itaonekana, anasogeza, anaangalia tena. Njo maana inakwenda vizuri na maua, nywele, picha ukutani, sahani ya matunda. Kazi ambayo haina jicho hilo, ni kazi ya kuondoa fujo tu ao ya kuchagua, kingereza kinaipa neno ingine, na hapa njo kiswahili chetu kinatudanganya:

Kutandika kitanda ni "make the bed". Usiseme "arrange the bed", msikiaji ataona unasogeza kitanda toka ukuta huu kwenda ule. Kuandaa meza ya kula ni "lay the table" kwa watu wa Uingereza, "set the table" kwa watu wa Marekani. Kupanga chumba, ile ambayo kifaransa ni "ranger ta chambre", ni "tidy your room". Kuchagua maharagi, kutoa mawe na yale mabovu, ni "sort the beans", na "sort" hiyo hiyo inafanya kazi kwa nguo chafu, kwa barua, kwa vitu vyote unavyotenga kwa aina.

Hatua ya nne: maana ya mambo yanayokuja, na hapa tukae

Kwenye kazi, kwenye biashara, kwenye meseji, mara nyingi sana "arrange" utakayoikuta ni hii ya pili: kupanga jambo la mbele pamoja na mtu mwingine. Randevu, mkutano, safari, usafiri wa mzigo, mahali pa kulala mgeni. Siri yake ni huyo mtu mwingine. Kama wewe peke yako umekaa kitandani unawaza wiki ijayo niende Bukavu, hiyo ni "plan". Ukishapiga simu, binamu yako amekubali kukupokea, tiketi ya bato iko mkononi, sasa umefanya "arrange". "Plan" inaweza kuishi ndani ya kichwa. "Arrange" inataka mtu aseme ndiyo.

Na tofauti hiyo imeingia hadi mu grama. Mu kingereza jambo lililopatanwa tayari wanalisema kwa kitenzi cha -ing: "I'm meeting the supplier tomorrow at ten", maana yake tumepatana, ananingoja. Ukisema "I'm going to meet the supplier" unasema nia yako, pengine yeye hajui bado. Ukisema "I will meet the supplier" mara nyingi inasikika kama ni sasa hivi umeamua ama unaahidi. Mtu akikuuliza kama una nafasi kesho saa nne, ukijibu kwa ile -ing ataelewa huwezi kuvunja, ukijibu kwa "going to" anaweza kujaribu kukuvuta. Nimeona watu wanapoteza randevu juu ya hiyo tu.

Sasa jengo lenyewe, pole pole.

Ya kwanza ni nyepesi, "arrange" halafu kitu: "arrange a meeting", "arrange an interview", "arrange transport". Hakuna kineno katikati.

Ya pili, "arrange to" halafu kitenzi, ikiwa mwenye kupanga njo mwenye kufanya: "We arranged to meet at the port." Usiseme "we arranged meeting at the port", hiyo -ing pale haikubaliki.

Ya tatu njo inatuangusha karibu wote. Wewe unapanga, lakini mwingine njo atafanya. Mfano umepanga mdogo wako ampokee mgeni kwenye barrière. Kiswahili kinasema nimepanga mdogo wangu akupokee, na mtu anatafsiri "I arranged my brother to meet you." Kosa. Kingereza kinaona kama umemshika mdogo wako ukamkunja, ukamweka sawa kama ua mu chupa. Weka "for": "I have arranged for my brother to meet you at the border." Hiyo "for" usiiache hata siku moja, juu bila hiyo, mtu anakuwa kitu. "We have arranged for a truck to collect the goods." "Can you arrange for someone to open the depot on Sunday?" Sema hizo kwa sauti mara kumi, si utani, mdomo ujifunze, kichwa kitafuata.

Ya nne, "with", ni ule mtu mliyepatana naye: "I arranged it with the driver." Nayo isichanganywe na ya tatu. "I arranged with the driver to leave at six" inasema nilizungumza na shofere tukapatana saa kumi na mbili. "I arranged for the driver to leave at six" inasema nilifanya mpango shofere aondoke, pengine nilipitia kwa mkubwa wake, yeye mwenyewe sijaongea naye.

Kuko pia "arrange when to meet", "arrange where to leave the key", hiyo ni rahisi. Na kuko "as arranged", fupi na nzuri sana ya kumalizia meseji: "I'll call you at four, as arranged", yaani sawa vile tulipatana. Mkipatana halafu mkabadilisha wakati, hiyo ni "rearrange": "Can we rearrange our meeting?" Inasikika na heshima kuliko kusema tu siwezi.

Kabla sijaacha mambo ya kupatana wakati, chunga saa yenyewe. Saa nne yetu ya asubuhi ni "ten o'clock" yao, hilo unalijua, lakini ukiandika haraka mkono unaandika "four". Na kuko jambo la pili: Goma na Gisenyi tuko na saa ile ile, Kampala iko mbele yetu saa moja, Dubai mbele saa mbili, na ofisi kubwa ya Kinshasa iko nyuma saa moja. Ukipatana na mtu wa Kampala "at nine" bila kusema ya wapi, mmoja atangoja saa nzima. Andika "nine o'clock Goma time". Maneno mawili tu ya kuongeza.

Hatua ya tano: mitego ya kifaransa

Hapa njo moyo wa yote, chukua kalamu.

"Ça m'arrange", yaani inanifaa. Tunaisema mara ishirini kwa siku. Kingereza hakina "it arranges me", ukisema hivyo mtu atakuangalia tu. Sema "That suits me" ao "That works for me". Kukataa, "ça ne m'arrange pas", ni "That's not convenient for me", yenye adabu, ao kwa rafiki "That doesn't work for me."

"Ça va s'arranger." Mtu ako na shida, unamtuliza, itatengenea. Kingereza: "It will work out", ao "Things will get better". Hakuna "it will arrange itself".

Kutengeneza kilichoharibika, gari, moto (pikipiki), telefone, jenereta: ni "repair" ao "fix". Gari yangu mimi ilitaka neno hili tu, "The car is fixed", na patro angepanda bato yake.

Kumaliza ugomvi nje ya tribunali, ile "arrangement à l'amiable" ambayo familia na wazee wa kartie wanapenda, kingereza cha leo kinasema "settle": "They settled the matter out of court." Kwenye vitabu vya zamani unaweza kukuta "arrange" mu maana hiyo, lakini usiifuate.

Bei. Kuko watu wakifika mbele ya muuzaji wanasema "arrange-moi un peu". Kwa kiswahili ni unisaidie, unipunguzie. Kwa mtu wa kingereza: "Can you give me a better price?" ao "Can you come down a little?"

Na "on va s'arranger", yaani tutaelewana, kila mtu aliyewahi kusimamishwa na rulaji, polisi wa barabara, anaijua. Hii nakuomba uishike kwa mikono miwili. Ukimwambia mgeni wa kingereza kwa kazi "we can come to an arrangement", hasa kama kuko karatasi, ruhusa ao pesa kati yenu, anaweza kusikia unamwomba ama unamtolea hongo. Maneno yenyewe si machafu, watu wawili wa biashara wanaweza kuyatumia juu ya deni kulipwa kidogo kidogo na hakuna ubaya, lakini bila kuonyesha wazi ni juu ya nini yananuka. Sema jambo lenyewe: "Could we agree on monthly payments?" Hapo hakuna kivuli.

Hatua ya sita: mitego ya kiswahili chetu, na kidogo ya lingala

Kitenzi kupanga kinabeba mzigo mkubwa. Kupanga nyumba ni "rent a house", ukisema "I arranged a house" wataelewa umemtafutia mtu nyumba. Kupanga uzazi ni "family planning". Kupanga foleni ni "queue" ao "line up". Kupanga bei ni "set the price". Kupanga mkutano, sasa hiyo ndiyo, ni "arrange a meeting". Ona, mu tano moja tu.

Na wale wenye kuchanganya lingala, "kobongisa", siye tunasema kubongisha, inafanya kazi yote, kutengeneza, kupamba, kuweka sawa, kumaliza neno. Ukitaka kuipeleka kingereza usiulize kubongisha ni nini kwa kingereza, uliza nabongisha nini. Redio, "fix". Nywele mbele ya kioo, "do my hair". Chumba, "tidy". Viti vya fete, "arrange". Kosa mu karatasi, "correct".

Hatua ya saba: jina lake, "arrangement", na ile S

Moja bila S mara nyingi ni sura ao mapatano: "flower arrangement", "seating arrangement" yaani nani anakaa wapi. Yenye S, "arrangements", ni matayarisho, yale mambo mengi madogo ya kupiga simu, kulipa, kutafuta watu. "Travel arrangements" ni safari. Kitenzi chake ni "make", siyo "do": "We are making arrangements for her visit." Mtu akifiwa utakuta "funeral arrangements", na ukitaka kumsaidia mwenzako wa kazi ambaye ako mu kilio na hujui useme nini, sentensi hii ni nzuri, ya moyo, haina makosa: "I'm so sorry for your loss. Please let me help with the arrangements." Jifunze kwa kichwa, siku ya machozi si siku ya kutafuta grama.

Ukiona kwenye tangazo "visits by arrangement", maana yake usije tu, piga simu kwanza.

Mambo mawili nje ya kazi

Ndoa. "Arranged marriage" ni ndoa ambayo familia zilitafuta mchumba, na kingereza kinaitenga na "forced marriage", ambapo mtu analazimishwa. Kwa hiyo kama dada yako anaolewa na mtu aliyemchagua mwenyewe, na nyinyi mko kwenye vikao vya dote (mahari), hema, chakula, usiseme "we are arranging my sister's marriage", watadhani mmempa bwana. Sema "We are planning my sister's wedding". Hii nimeisikia ikisemwa mbele ya wageni, na yule dada alikuwa pale pale.

Muziki. Wanakwaya mmeona karatasi za nota zenye jina la mtunzi, halafu pembeni "arr." na jina lingine. Hiyo "arr." ni "arranged by". Wimbo ni wa mtu wa kwanza, wa pili aligawa sauti upya, soprano, alto, tena, besi, ao aliubadilisha toka gitaa kwenda kwaya. Ni kazi ya kweli, na jina lake linastahili kutajwa wakati wa kutangaza wimbo.

Hatua ya nane: majirani zake

"Organize" ni kwa jambo kubwa lenye watu wengi na sehemu nyingi, kongamano, mbio, harusi. Uingereza utaiona na S pia, "organise", yote ni sawa, chagua moja uikalie. "Set up" ni kusimamisha kitu kianze kufanya kazi, meza ya mauzo, komputa, kampuni, ingawa "set up a meeting" nayo inasemwa sana na ni ya kirafiki kuliko "arrange". "Sort out", ya Waingereza hasa, ni kumaliza fujo ao shida: "I'll sort it out." Watu wengi wa hapa wakisema "I will arrange it" juu ya shida ya mshahara iliyochelewa walitaka kusema hii. "Book" ni kushika nafasi, kiti, chumba. "Schedule" ni kuweka kwenye kalenda, tarehe na saa kabisa.

Hatua ya tisa: sasa andika

Usingoje ujue yote. Kabla ya kutuma meseji yenye "arrange", jiulize maswali matatu kwa haraka. Je, naweka vitu kwa nafasi zao? Je, napatana na mtu juu ya jambo linalokuja? Kama yote mbili ni hapana, toa hilo neno, tafuta lingine. Kama la pili ni ndiyo, uliza la tatu: nani atafanya? Ni mimi, weka "to". Ni mwingine, weka "for" na jina lake.

Chukua meseji ya mfanyabiashara kwa mtu wa Kampala: "Good morning. I have arranged for my cousin to collect the goods on Friday at nine, Kampala time. Please let me know if that suits you." Angalia, "for" iko, saa ya wapi iko, na "ça vous arrange" imekuwa "suits you".

Ya mtu aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi halafu siku ile hawezi: "Thank you for arranging the interview. Unfortunately Tuesday is not convenient for me. Would it be possible to rearrange it for Wednesday?"

Na jaribu hizi mwenyewe kabla ya kuangalia majibu. Nimepanga mama akupikie. Tumepanga nyumba Himbi. Moto yangu imetengenezwa. Kesho asubuhi inanifaa. Panga hizi karatasi kwa tarehe.

Majibu: "I've arranged for my mother to cook for you." "We rented a house in Himbi." "My motorbike has been fixed." "Tomorrow morning suits me." "Arrange these papers by date." Kama ya kwanza umesahau "for", rudi hatua ya nne, soma tena kwa sauti.

Na ile meseji yangu ya jioni ile, ninavyoijua sasa, ingekuwa hivi: "The car has been fixed, but it is still at the garage. I haven't arranged for a driver to take you to the port tomorrow. Shall I arrange one for six o'clock?"